Mkifungwa Mnagawana

Mama yangu alizaa wanaume wawili baada yangu, na kama kushinda kungekuwa ni mwili tu, yule mkubwa asingeshindwa na mtu Mzenga nzima. Alikuwa mwana mbio. Mguu mkavu kama mchi. Akitumwa Msimbu, kule mbali, anarudi mara moja, anakaa kitako anaongea, wala humsikii pumzi. Yule mdogo alicheza mpira, na nitasema kweli ingawa ni marehemu: pumzi hakuwa nayo. Anakula muhogo wa nazi mpaka kitumbo kinang'aa, anavuta tumbaku, na mapumziko hayajafika ameshashika kiuno.

Lakini huyo mwenye kitumbo, kesho ana mechi, leo anakoroma. Kaka yake, siku za mbio zikikaribia, ugali unamgeuka mdomoni. Anakwenda chooni, anarudi, anakwenda tena. Ukimshika mkono, baridi kama chura. Sisi tulidhani woga ni wa watu dhaifu. Tulikuwa hatujui kitu.

Mwaka mmoja Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, akatangaza michezo Kisarawe. Mshindi wa mbio ndefu angechukuliwa uaskari Dar es Salaam. Baba alikuwa ameshakufa na shamba letu lilikuwa la nguruwe mwitu kuliko letu. Kwa yule mwana mbio ilikuwa ama uaskari, ama kukata mkonge. Njia ya tatu haikuwepo.

Mcheza mpira akawa anamtania. "Kaka, mwili wote huo unaogopa nini? Sisi tunafungwa, na jioni tunakula."

"Nyie mkifungwa mnagawana," akamjibu. "Kila mtu anakwenda kwao na kipande chake. Mimi nagawana na nani?"

Mwenzake akafikiri, akaona dawa anayo. Timu yao ikienda ugenini, watu wa kijiji huifuata kwa ngoma, na wachezaji wakiwaona watu wao wanapata nguvu. Basi akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waende Kisarawe. Kwa mapenzi tu, Mungu amrehemu. Mwana mbio akanifuata jikoni, macho mekundu.

"Dada, waambie wasije."

Nikamfikishia mama. Mama akasema mtu hafichi harusi ya mwanawe, tena kanga ameshazifua.

Tukaenda, wazee kwa watoto. Mbio zikaanza, akawaacha wenzake kama wamesimama. Alipokuja upande wetu tukalipuka: ngoma, vigelegele, jina la baba yake, jina la babu yake. Akageuka kututazama. Sijawahi kuona uso ule kwa mtu mzima. Akasimama katikati ya njia, na mkojo ukamshuka miguuni mbele ya mama yake. Wenzake wakampita, hata mmoja mwenye matege ambaye yeye alizoea kumshinda kila siku. Mcheza mpira akaingia uwanjani kumkumbatia, kaka yake akamsukuma. Mtu mmoja nyuma yetu akasema, "Mwili wa kuazima huo." Watu wakacheka, na wengine walikuwa wa kwetu.

Hakurudi nasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkonge, upande wa Kibaha, akakaa huko miaka. Mama alimngoja mpaka macho yakaingia kiza.

Mama alipofariki, alikuja. Akakaa nyuma ya watu wote. Jeneza lilipotaka kuinuliwa, wanaume wakamwachia nafasi ya mbele, maana ndiye mkubwa. Wote wakamtazama. Nikamwona anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka nyuma ya jiko. Nikamfuata.

"Wananitazama, Dada."

"Mdogo wangu, huyo ni mama yako."

"Najua."

Jeneza likaondoka, na mcheza mpira ndiye aliyeshika mbele, anahema na analia. Mkubwa akafunga kanzu kiunoni, akashika njia ya Mlandizi, peke yake, taratibu.