Mapigo Mia Moja na Kumi na Tano

Kwa miaka thelathini na miwili Sirili alipima kahawa ya watu wa Kibosho katika ghala la chama cha ushirika, na katika muda wote huo hakuna mkulima aliyemwibia wala aliyeibiwa naye. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza kupanda mizani, alipandisha jiwe la chuma la kilo ishirini. Mizani ikisema ishirini, kazi ilianza. Ikisema ishirini na robo, wakulima walikaa juu ya magunia yao wakangoja irekebishwe, hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Walimwita Ratili. Walimheshimu, ila hawakumzoea. Alipopita njiani alisema "Hamjambo" bila kupunguza mwendo, na jibu lilimfikia mgongoni.

Mwaka 2001, akiwa mstaafu wa miaka sitini na minne, alianguka kihambani mwake, shamba la kando ya nyumba, akipogoa kahawa. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umechoka. Anywe dawa, atembee kila siku, ila mapigo yasizidi mia moja na kumi na tano kwa dakika. Yakikaribia hapo, asimame mpaka yashuke. Na kama kilima cha kutoka kituo cha magari hadi nyumbani kwake hakipandiki kwa sharti hilo, basi ahamie mahali tambarare.

Monica, binti yake mkubwa, karani wa benki mjini Moshi, alikwisha kupaka rangi chumba nyumbani kwake mtaa wa Soweto na kuweka kitanda. Sirili alikwenda kukiona. Chumba kilikuwa kizuri, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Alishukuru, kisha akauliza mgomba wa karibu uko wapi. Akaambiwa ndizi ziko sokoni.

Baba na binti wakapatana. Jumamosi ya pili ya Julai wangepanda kilima pamoja, mapigo yakihesabiwa. Yakibaki chini ya kiwango, Sirili angebaki kwake na kitanda cha Soweto kingekuwa cha wageni. Yakizidi, angefungasha.

Lililobaki lilikuwa suala la mizani.

Balbir alikuwa na duka mjini lililouza saa na redio na, tangu biashara ilipofunguliwa milango, vifaa vya michezo ambavyo wapanda mlima huvisahau makwao. Alimwekea Sirili mezani vifaa vitatu vya kupima mapigo. Cha kwanza kilikuwa saa ambayo mtu huigusa kwa kidole, akasimama na kutulia mpaka isome.

"Nikisimama sina shida, Bwana Balbir," alisema Sirili. "Shida yangu iko kwenye kupanda."

Cha pili kilikuwa mkanda wa kifuani pamoja na saa yake, zawadi ya mzungu mmoja kwa mpagazi wake, ambaye aliuleta dukani wiki hiyo hiyo. Sirili alipitisha kidole juu ya mpira wake, akaupata ufa, akaurudisha. Cha tatu kilikuwa cha namna hiyo hiyo, lakini kipya. Aliuliza habari hufikaje mkononi pasipo waya.

"Kama redio, Mzee. Kifua kinatangaza, mkono unasikiliza."

Sirili alitaka kuthibitisha. Balbir aliulowesha mkanda, akamwelekeza nyuma ya pazia auvae kwenye ngozi tupu. Kisha mzee alipanda na kushuka ngazi za stoo mara tatu, na kila mara Balbir alimshika mkono akahesabu kwa saa yake mwenyewe. Mara ya kwanza zote mbili zilisema tisini na mbili. Mara ya pili saa ilisema mia moja na moja, Balbir mia moja kamili. Mara ya tatu zilipatana tena.

"Wateja wangu huuliza kama saa inaingia maji," alisema Balbir. "Wewe umenifanya nesi."

"Mara ya pili limepotea pigo moja."

"Hilo ni langu, Mzee. Nilipiga chafya."

Maelezo hayo yalimtosha Sirili, akakichukua kifaa.

Jumamosi iliamka na ukungu, na baridi ya Julai ilikuwa imeshika hata kuta. Sirili aliutazama mkanda wa mpira ambao ulipaswa kuloweshwa na kulazwa kwenye ngozi. Justina, mkewe, alisema kwamba unafanana na sidiria. Alilisema mara moja tu. Sirili akauvaa mkavu, juu ya fulana, chini ya shati na sweta. Saa ilionyesha vistari viwili. Hilo halikumshtua, kwa kuwa mizani isiyo na gunia husoma sifuri.

Akashuka polepole mpaka kituoni. Monica alitelemka garini akiwa na raba miguuni. Yeye hukimbia kila alfajiri, na ili kumtia moyo baba yake alimwambia kwamba naye amevaa mkanda kama wake. Akamwamkia shikamoo, akamshika mkono, na mara saa ya Sirili ikasoma themanini na nne.

"Imeamka," alisema Sirili.

Wakapanda. Kwenye daraja la mfereji saa ilisoma tisini na nane, langoni kwa Bibi Eliaichi mia moja na tatu. Sirili alikuwa akihema kama mvukuto na jasho limelowesha ukosi. Uani kwake ilisoma mia moja na tisa.

"Baba, mbona unahema hivyo?"

"Daktari hakutaja mapafu."

Justina aliwapa mtori wa ndizi. Monica alitamka kwamba mwenye kushindwa hukubali, na kwamba kitanda kitakuwa cha wageni. Kisha akakusanya bakuli akaenda jikoni, na saa ya baba yake ikarudi kwenye vistari viwili. Aliporudi, ikasoma themanini na moja. Akatoka kumtazama ng'ombe, vistari. Akaingia, themanini. Sirili aliyapima kwa macho masafa kati ya kiti chake na mahali ambapo saa huamkia. Yalikuwa hatua moja na nusu.

Ghalani alikuwa amewakamata wenye mawe ndani ya gunia na wenye kulowesha kahawa. Ila hila iliyozoeleka zaidi ilikuwa ya mkulima anayesimama karibu na kukanyaga ukingo wa bamba la mizani kwa ncha ya kiatu. Sirili hakumkemea mtu wa namna hiyo. Alikitazama kiatu mpaka kiondoke.

Monica alikuwa anavaa koti. Gari la kurudi mjini halikuwa mbali, na siri ya saa hakuna aliyeijua ila Sirili. Angeweza kuishi hapo siku zake zote kwa moyo wa binti yake. Dirishani migomba ilikuwa inadondosha maji ya ukungu juu ya kahawa alizozipanda mwenyewe.

"Vua koti, Monica," alisema. "Gunia lililopimwa lilikuwa lako. Langu bado."

Ilimbidi kueleza mara mbili kwamba saa yake ilikuwa ikisikiliza mkanda wa Monica. Monica alivua mkanda wake, akamwachia mama yake. Sirili aliulowesha wake kwa maji ya mtungini, akauvaa kwenye ngozi, na Justina akamfungia kwa nyuma. Monica akaitega saa ilie kwenye mia moja na kumi na mbili, ili ibaki nafasi. Wakashuka tena mpaka kituoni.

Safari hii kwenye daraja la mfereji saa ilisoma mia moja na tano. Langoni kwa Bibi Eliaichi saa ikalia. Sirili akasimama, kama alivyoagizwa. Bibi huyo, mjane aliyevuka themanini, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiujibu mgongo wa jirani yake, alimwona amesimama langoni, akatoka na kigoda.

"Leo Ratili amesimama. Nani amekufa?"

"Shikamoo, mama. Hakuna. Bado."

Sirili akamuuliza habari za ng'ombe. Habari za ng'ombe zilikuwa ndefu. Zilipokwisha, saa ilisoma tisini na sita. Ililia tena langoni kwa Antoni, ambaye alikuwa na maoni juu ya bei ya kahawa, na mara nyingine kwenye nyumba ambayo Sirili hakuwahi kujua jina la mwenyewe. Sasa akalijua.

Kilima alichozoea kukipanda kwa dakika ishirini kilimchukua saa nzima na dakika tano. Mapigo ya juu kabisa yalikuwa mia moja na kumi na tatu. Monica aliisoma karatasi ya daktari pande zote mbili akitafuta sharti la muda. Halikuwapo.

"Utapanda hivi kila siku, baba? Lango hata lango?"

"Daktari alisema nisimame. Hakusema nisimame kimya."

Kwa hiyo alibaki. Justina alisogeza mlo wa jioni kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu, na katika mwaka wa thelathini na nane wa ndoa yao akaanza kuletewa na mumewe habari za nani kaposwa na ng'ombe wa nani kazaa. Moyo nao ulizoea kilima kidogo kidogo. Siku hizi hutokea Sirili akapita langoni kwa Bibi Eliaichi saa isilie, naye, kwa kuwa ni mtu wa kufuata sharti, hupita bila kusimama. Jioni hiyo hiyo Bibi hutuma mtu kuuliza amemkosea nini.