Kuchuma Majani Chai Kulipoitwa Mchezo

Naikumbuka Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, Mwanangu, ambayo ningependa kuisahau, na ndiyo maana nitakueleza yote jinsi ilivyokuwa. Juzi ulirudi kutoka shuleni umekunja uso kwa sababu kikombe cha mwaka alipewa mcheza drafti, na wewe uliyeshinda mbio ukaachwa. Ulisema mchezo usiotoa jasho si mchezo. Nilisema maneno kama hayo nikiwa na miaka ishirini.

Nilikuwa nikipasua kuni za kiwanda kwenye shamba moja la chai upande wa Boito. Kila mwaka tulikuwa na siku ya michezo, na mbio za maili moja nilikuwa nimezishinda mara mbili mfululizo. Mwaka wa tatu meneja akaongeza shindano la kuchuma majani chai: nusu saa, kila mtu na mstari wake, majani mawili na chipukizi, kisha kikapu kinamwagwa, kinakaguliwa na kupimwa. Jioni angechaguliwa mmoja kuwa mwanamichezo wa mwaka, na zawadi yake ilikuwa blanketi.

Aliyetarajiwa kushinda kuchuma ni Kibet. Tulitoka jandoni pamoja, na kwetu mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu. Kambini tulilala chumba kimoja.

"Kuchuma ni kazi," nilimwambia asubuhi tukinywa chai na wenzetu. "Ukiita kazi mchezo, kesho utaomba blanketi kwa kufagia."

"Na wewe ukikimbia unafika wapi?" akanijibu. "Unazunguka uwanja mara nne, unarudi pale pale. Mimi nikimaliza, angalau kuna chai."

Wote wakacheka. Nilicheka nao, lakini nilikiacha kikombe changu bila kukimaliza.

Nilishinda maili. Watu walipiga makofi, kisha wakakimbilia kwenye mistari ya chai. Huko, Mwanangu, niliona kitu ambacho sikutaka kukiona. Mikono ya Kibet ilipita juu ya kichaka bila yeye kuitazama, na wanawake wakaanza kuimba jina lake. Mama yake, aliyetembea kutoka Merigi tangu alfajiri, alikuwa akiimba pia. Nikaanza kuhesabu: maili tatu nimeshinda kwa miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuniimbia hata ubeti mmoja.

Filimbi ilipolia, wachumaji walipanga vikapu kwenye mstari, wakaenda kunawa na kunywa maji. Ningeweza kwenda nao. Badala yake nilinyofoa konzi mbili za majani makuukuu, nikayasukuma ndani ya kikapu cha Kibet.

Kikapu kilimwagwa juu ya turubai na majani magumu yakaonekana. Siku zile kuongeza uzito kwa majani makuukuu kulihesabiwa wizi.

"Huyu Jumatatu nisimwone hapa," nyapara alisema.

Kibet alitazama mikono yake, na mama yake akajifunika uso kwa shuka.

Mzee arap Koros, aliyesimamia mizani, alichuchumaa akaokota jani moja. "Ngoja, nyapara. Hili limevutwa. Tazama bua lilivyochanika. Mchumaji hukata kwa kidole gumba, safi." Akasimama, akatutazama mmoja mmoja mpaka macho yake yakatua kwenye vidole vyangu. "Wachumaji wote wamenawa. Wewe wa kuni, utomvu wa chai umeutoa wapi?"

Nilikiri pale pale. Hakunikemea. Alinipa kikapu akaniambia nichume nusu saa, watu wote wakitazama. Baada ya dakika chache mgongo uliniuma, pumzi ikanipotea, na kila nilipoharakisha nilinyofoa jani bovu. Alipomwaga kikapu changu, alitupa zaidi ya nusu.

"Sasa, ni mchezo au si mchezo?"

"Ni mchezo, mzee."

"Usiniambie mimi. Mwambie mama yake."

Nilimwambia. Kibet alipewa ushindi wake na blanketi la mwanamichezo wa mwaka, na kazi yake ikabaki. Jumatatu alihamisha godoro lake kwenda chumba kingine. Tangu hapo alinisalimu kwa heshima, kama mtu anavyomsalimu mgeni, na hakula nami tena mpaka nilipoondoka shamba lile.

Mwanangu, nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Watu wakikubaliana kanuni, wakaanza pamoja, wakajitahidi kwa mwili au kwa akili mpaka mwisho, wakamkubali mwamuzi, huo ni mchezo, hata kama unachezwa kwa kuketi. Jasho si kipimo. Kabla ya kusema mchezo wa mwenzako ni bure, ucheze kwanza. Na ukisikia moyoni unahesabu makofi aliyopigiwa mwingine, ondoka karibu na kikapu chake, kanawe, kisha umpe mkono. Ukichelewa, unaweza kusamehewa kosa na bado ukampoteza mtu.

Mungu akupe miguu mepesi na akili tulivu. Akupe marafiki wanaokushinda, na wewe usiwapoteze.