Jibu la Nusu Inchi

Tap. Chaki iligonga sakafu ya saruji ikakatika vipande viwili, na hadi leo mtu akiangusha kitu chepesi karibu naye, fundi huyu huhisi masikio yakimwaka moto.

Wenzake kazini humwita Nusu Inchi. Ana miaka arobaini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo ameimalizia juu ya kuta za watu akiunga kenchi za mapaa. Hakuna kenchi yake iliyowahi kukosea kwa zaidi ya nusu inchi. Mwaka ule wa chaki, mkandarasi alimwambia, "Fundi, niletee cheti tu nikukabidhi usimamizi. Magoti yako hayo hayana miaka kumi mingine ya ngazi."

Akaenda kujiandikisha chuo cha ufundi, masomo ya jioni. Fomu ilimwuliza kama amesoma trigonometria. Hakuwahi; shule aliiacha kabla haijafika huko. Lakini anayejibu hapana huanza nayo mwaka mzima ndipo aingie kalkulasi inayotakiwa kwa cheti, na mwaka mzima ni mrefu, usimamizi unaweza kuchukuliwa na mwingine. Akaweka alama kwenye ndiyo. Alama ndogo, kama ya penseli kwenye ubao utakaopigwa randa baadaye.

Kipindi cha kwanza cha kalkulasi, mwalimu alitoa swali la kuamsha darasa. Paa limeinama nyuzi thelathini, nusu ya upana wa nyumba ni mita nne. Kilele kiko juu kiasi gani? Vikokotoo vikaanza kubonyezwa. Nusu Inchi hakuwa nacho. Alitoa mfukoni kipembetatu cha mbao alichoachiwa na mjomba wake aliyemfundisha kazi, chenye namba 30 iliyochongwa pembeni. Akakilaza kwenye daftari, akachora paa dogo, akalipima kwa rula.

"Mita mbili na sentimita thelathini na kidogo," akasema, wa kwanza kuliko wote.

"Safi sana, mzee! Hebu njoo utuandikie ulivyofanya."

Akalifunga daftari, akaenda. Mbele ya ubao, chaki mkononi, aliona watoto wa rika la binti zake wakisubiri neno moja, tanjenti, ambalo yeye alilijua kwa kulisikia tu, kama jina la mtu wa mtaa wa pili. Vidole vilivyozoea misumari vikalegea. Tap.

"Nimesahau," akasema.

"Amesahau nini? Kaniibia huyo!" alidakia msichana wa dawati la jirani. "Kachungulia daftari langu!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamtazama fundi, akingoja akane. Mchoro ulikuwa pale ndani ya daftari, ungemsafisha mara moja. Lakini kuuonyesha kulikuwa sawa na kusema hajui. Akainama kuokota vile vipande vya chaki.

"Nisamehe, binti," akasema, na hivyo akakubali kuwa mwizi wa jibu lake mwenyewe.

Nyumbani mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Kwa hiyo umeona heri uitwe mwizi kuliko uitwe mjinga."

"Usiniongezee, mama watoto."

"Si ulisema Ijumaa ndiyo mwisho wa kubadili somo? Hiyo trigonometria yenyewe anafundisha nani?"

"Unamjua anayefundisha. Mdogo wako. Yule aliyetupigilia rafu ya vyombo, vikombe vyote vikaserereka."

"Huyo huyo. Na miaka kumi hakuna mgeni aliyeingia humu usimsimulie rafu hiyo ukimcheka. Sasa ni zamu yako."

Alhamisi, juu ya ukuta wa watu, alilaza kipembetatu kwenye boriti kama kila siku. Mkono ukasita. Aliona haya kukishika, kana kwamba kweli alikiokota mezani kwa mtu.

Ijumaa jioni alisimama mlangoni mwa darasa la shemeji yake, kofia mkononi, vumbi la mbao bado kwenye nyusi.

"Ala! Fundi mkuu!" shemeji akapaza sauti. "Umekuja kunikagulia rafu? Karibu, leo hatupigilii kitu."

Wanafunzi wakacheka. Siku nyingine fundi angemrudishia utani mara mbili. Leo alimpa tu ile fomu yake ya kujiandikisha, aliyoichukua ofisini. Shemeji akaisoma, kicheko kikamwishia usoni.

"Lakini shemeji, hapa umeandika umesoma. Halafu..." Akashusha sauti. "Nimesikia kuna mzee alichungulia kwenye kalkulasi. Usiniambie ni wewe."

Nusu Inchi akatoa kipembetatu, akakilaza mezani, juu kabisa ya ile ndiyo. Akasogea karibu, wa dawati la mbele wasimsikie.

"Sikuchungulia, shemeji. Nilipima. Sijui njia nyingine."