Baiskeli Iliyochoka

Jana mdogo wangu alinieleza somo lake la fizikia: ukiacha kukanyaga pedeli, msuguano hupunguza kasi mpaka baiskeli isimame. Nikamkumbuka mama.

Mchana mmoja nikiwa mdogo tulitoka shambani kwa baiskeli, mama anakanyaga, mimi nyuma nimekalia kiroba cha kakao mbichi iliyonukia kama togwa. Kwenye njia ya mchanga ya Bujonde mama akaacha kukanyaga. Tairi zikakwaruza, zikanong'ona, zikanyamaza.

“Mama, baiskeli imechoka?”

“Imechoka, mwanangu. Shuka, ipumzike.”

Nikachota maji mtaroni kwa viganja, nikainywesha tairi. Mama aliinamia usukani, anahema huku anacheka.

“Na dereva humpi?”

“Dereva hajachoka, si anacheka!”

Nilidhani kweli anayecheka hachoki. Siku hizi nami nikirudi kutoka shambani, nacheka sana.