Moto Tuliorudishiwa

Mpaka leo nikiona mtu kavaa ovaroli ya bluu, damu inanichemka. Sitanii.

Ile kampuni ilikuja kwetu, upande wa Usevya, miaka ya tisini, nikiwa msichana ninayekaribia kuolewa. Ilitaka mbuga yote iliyopo kati ya mashamba yetu na hifadhi. Wangepanga vioo vya kuvuna umeme wa jua, walisema, wavute maji kwa pampu, walime shamba lao kubwa la mpunga, na vioo wavizungushie uzio. Tulikataa. Mbuga ile ilikuwa njia ya tembo kwenda kwenye mabwawa wakati wa kiangazi, na hakuna mtu kijijini asiyejua kwamba ukiwafungia njia watapita kwako. Tuliwaambia mkutanoni, wakaitikia kwa adabu, kesho yake wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Kaka yangu akaenda kuwachimbia. Walimpa ovaroli na buti, basi, akawa haambiliki. "Nyie mnaogopa vioo?" alituuliza huku anazipaka buti mafuta ya kupikia. Mama alilia, baba akamtukana, wapi!

Sisi ni Wasukuma tuliohamia huku na ng'ombe wetu, na kwetu ukiwasaliti wenzako hupigwi, unatengwa. Wazee wa ulinzi wa jadi walitamka hukumu, na kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa haisalimiwi. Nikifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Kuomba kaa la moto kwa jirani, marufuku. Mtu aliyekula kwetu juzi ananitazama kama kinyesi cha kuku! Nilimchukia kaka, nasema kweli, na majirani nikawachukia zaidi. Mama alinunua viberiti, akawa anaomba kitu kimoja tu: mwanawe aache ile kazi kabla tembo hawajashuka.

Hakuacha. Walishuka mpunga ukiwa umeshakatwa na kurundikwa mashambani. Walifika kwenye uzio, wakaufuata mpaka ulipoishia, na uliishia shambani kwa jirani yetu wa karibu. Kulikuwa kumekucha kabisa, mkewe yupo pale analinda mpunga kwa kugonga debe. Tembo mmoja alimpiga kwa mkonga, akamkanyaga kifuani. Nilimwona. Sitaki kueleza yote, ila kitenge chake kilikuwa kimezama kwenye udongo pamoja naye.

Mumewe akapiga yowe. Kwetu yowe halina kuuliza. Ukilisikia unashika ulichonacho na kukimbilia linakotoka, hata kama unakula, hata kama umegombana na anayelipiga. Asiyekuja ndiye adui. Kijiji kizima kilitoka na marungu, mishale na mapanga, na kutoka pale shambani watu wakaelekea kambi ya kampuni.

Kaka naye alilisikia, huko kambini. Loo, kaka yangu! Wenzake walirukia gari wakatoroka. Yeye alichukua panga akakimbilia yowe, kama alivyofundishwa tangu anachunga ndama. Watu waliona ovaroli ya bluu na panga vinawajia mbio. Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. "Nimekuja! Nimekuja jamani!" alipiga kelele huku meno yanamdondoka, nao wakazidi kumpiga. Mama alijirusha juu yake, wakamvunja mkono, wakaendelea kumpiga kaka pale ambapo mwili wa mama haukumfunika. Mimi nilimng'ata mtu mmoja begani mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Walipochoka, kaka hakuwa na uso.

Kambi waliichoma, nguzo wakazing'oa. Kampuni haikurudi, na tembo wanapita mbugani kwao mpaka leo.

Jioni ile wazee walitangaza kwamba kutengwa kwetu kumekwisha, maana marehemu aliitikia yowe. Ebo! Wanawake walewale wa kisimani wakaja na kuni na maji. Jirani, naye kafiwa na mkewe asubuhi ileile, alileta kaa la moto kwenye kigae, la kuwashia moto wa msibani.

"Pole, mayu," alimwambia mama kwa Kisukuma, kama anamwita mama yake.

Mama alimtazama. Akachota kata ya maji kwa mkono wake mzima, akaimwaga juu ya lile kaa, polepole, mpaka likazima. Kisha akaniambia nimletee kiberiti.