Siku Kassim Hakunisindikiza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na Mwenyezi Mungu anisitiri kwa kulisema hilo, maana mke wangu yuko chumba cha pili na masikio yake bado ni mazima. Ni siku niliyorudi safarini nikaenda kijijini Sabaki kumtembelea rafiki yangu Kassim. Miaka imepita mingi na wajukuu ninao, lakini nikiipitisha moyoni mwili wangu hushtuka kama wa mtu aliyekanyaga nyoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Asubuhi nikisomesha shule ya msingi mjini Malindi, na alasiri nikisomesha watoto dini msikitini. Ilipofika likizo ya Disemba, mjomba wangu akanichukua kwenda Unguja na Pemba kwa ndugu zetu. Nilikuwa sijapata kuvuka mpaka maishani mwangu. Nikakaa wiki tano nikila, nikitembezwa, nikioneshwa hiki na kile, na niliporudi nilikuwa nimejaa maneno hadi kooni. Pa kuyamwaga hapakuwa pengine ila kwa Kassim.

Kassim alikuwa mkulima. Alilima mchicha na nyanya kando ya mto, si mbali na daraja. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani tangu utotoni, na marehemu baba yake ndiye aliyetufundisha kushona kofia, hizi za mkono zenye vitobo vidogo vidogo. Kassim alichora maua kwenye kitambaa kwa penseli, mimi nikatoboa na kuzungushia uzi. Kofia moja ilituchukua miezi mitatu, minne. Hatukushona za kuuza. Tulishona kwa kupenda, na kila Idi tulivaa mpya tukajiona wana wa wafalme. Nilipopata ualimu niliitia sindano yangu sandukuni, nikasema sina wakati. Kassim hakuacha. Alirudi shamba, akaoga, akasali alasiri, akakaa na kofia yake.

Basi nikafika kwake saa tisa mchana, na mfuko wa halua ya Unguja mkononi. Mama yake, Bi Mwanaisha, akanipokea mlangoni. Kassim nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kikoi amejifunika kuanzia magoti hadi vidole. Chumba kilifukizwa udi, moshi umetanda. Nikafurahi. Nikasema moyoni, wamenifukizia udi kama bwana harusi.

"Habari za siku nyingi, Kassim?"

"Njema."

"Afya?"

"Alhamdulillahi. Za safari, mwalimu?"

Alikuwa kama amefungua bomba. Nilimweleza bahari ilivyotutikisa, nikamweleza mashamba ya karafuu, nikamweleza binamu yangu ambaye ana shahada mbili na hajui kuchinja kuku. Kassim akacheka pale pa kucheka. Halua nikaifungua mwenyewe. Akala kipande, nikamsukumia cha pili, akala na hicho kwa kunistahi. Kabla ya cha tatu Bi Mwanaisha alikuja akaiondoa sahani. "Yatosha, tuwabakishie binti za Kassim," alisema. Nikamwona mchoyo, wallahi, mama wa watu.

Kwenye dirisha palikuwa na kofia, nusu imeshonwa, na vumbi juu yake.

"Hii nayo imelala?" nikamuuliza.

"Imelala," akasema, akaitazama mikono yake.

"Uvivu umekuingia, bwana wee," nikasema, nikarudi kwenye habari za Pemba.

Ilipoadhiniwa alasiri tulisali, yeye akasali amekaa. Alisema mgongo wamsumbua, nami nikasema pole kama mtu anayempa pole aliyekwaruzwa na paka. Kisha nikaaga.

Sasa hapa, mwanangu, nisikilize. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa macho. Hata kama ni jirani wa ukuta mmoja, utamtoa mlangoni, utakwenda naye hatua, mtasimama mkumbushane neno mlilosahau ndani. Kassim, tangu tujuane, alinisindikiza hadi barabarani penye magari, iwe jua iwe mvua. Siku hiyo hakuinuka. "Leo utaniwia radhi," alisema, "jua kali." Jua kali, na mwenyewe mkulima.

Nilitembea hadi barabarani peke yangu, na kila hatua hasira ikipanda. Nikasema, nimevuka bahari nikamkumbuka, nimembebea halua, naye hanipi hata hatua kumi. Hasira hasara, lakini ukiwa na miaka ishirini na tisa na shati la Unguja mwilini, nani atakwambia? Mjini nikawaambia wenzangu barazani kwamba Kassim siku hizi ameota pembe. Ijumaa ya kwanza, siku yangu ya kumtembelea, ikapita sikwenda. Ya pili nayo ikapita.

Wiki iliyofuata akaja Karisa, jirani yake Kassim, ambaye huleta mboga zao mjini kwa baiskeli. Akanikuta nje ya darasa.

"Mwalimu, Kassim akusalimu. Asema ujitahidi upite kwake, ana neno na wewe."

"Neno gani?"

"Hakunambia. Asema upite tu."

Nikamjibu, "Mwambie njia ya kwangu anaijua."

Karisa akanitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini huvunja mifupa ya wenzio. Nilidhani huo ni usemi tu.

Siku kumi na tisa baadaye nilikuwa ubaoni, chaki mkononi, nikiwafundisha watoto hesabu. Karisa akasimama mlangoni bila baiskeli. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Karisa na baiskeli yake hawaachani.

"Mwalimu, hukwenda kumtazama mwenzio?"

"Ana nini?"

"Wamemkata."

"Wamemkata nini?"

Akainama, akajigusa chini ya goti.

Sikumbuki niliwaambia nini wale watoto. Nakumbuka kwamba nilifika hospitali chaki ingali mkononi, imevunjikavunjika, na vidole vyangu vyeupe. Njia nzima nilikuwa nikijiambia Karisa amekosea, ni jeraha tu, ni kidole, watu wa mboga hukuza mambo. Nje ya wodi, kwenye benchi, alikaa Bi Mwanaisha na chupa ya chai.

"Shikamoo, mama."

Hakuniitikia. Tangu nizaliwe mama yule hajapata kuniacha na shikamoo mkononi. Akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Mwalimu," akasema, na siku zote aliniita mwanangu, "leo umetuletea habari za nchi gani?"

Nikainamia ile chaki mkononi.

"Sema. Hapa tuna nafasi. Na mwenzio hawezi kuinuka akakukimbia."

Nikamwambia, mama, sikujua. Wallahi sikujua. Nilimuuliza afya, akanijibu Alhamdulillahi.

Hapo akaweka chupa chini. Hakupandisha sauti, na nadhani angepandisha ningeumia kidogo tu, kisha nikasahau. Alisema taratibu, kama anayemsomesha mtoto herufi.

"Alhamdulillahi husemwa harusini, na husemwa matangani. Muumini humshukuru Mola wake katika raha na katika dhiki. Si wewe uwafundishaye watoto hilo kila alasiri? Sasa wewe ulilisikia likikwambia nini? Kwamba mtu ni mzima? Ulimwona amesali kwa kukaa. Ulinusa udi mchana kweupe. Ulidhani twakufukizia wewe?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akanieleza, na kila neno lilinipiga upya. Kassim alikuwa na maradhi ya sukari, yale yale yaliyomchukua baba yake. Zahanati walikuwa wamemwambia miezi mingi nyuma, akayaficha, akamwambia mama yake peke yake. Vidole vya mikono na vya miguu vikaanza kufa ganzi. Ndiyo maana kofia ililala, kwa kuwa hakuisikia tena sindano mkononi. Siku moja nikiwa Unguja ilimponyoka, akaikanyaga. Ikamwingia unyayoni, asiisikie. Alitembea nayo siku mbili, akalima nayo, hadi mama alipoona damu mkekani. Jeraha likaoza. Udi ulikuwa wa kuficha harufu, kikoi kilikuwa cha kuficha mguu. Na ile halua aliyokula kwa heshima yangu ilikuwa sumu kwake, nami niliyemlisha kwa mkono wangu.

Nikauliza kwa nini hakupelekwa hospitali mapema. Nilijuta kuuliza.

"Tulimsihi," akasema. "Baba yake aliingia hospitali kwa miguu akatoka kwa jeneza, wajua, ulikuwapo. Wewe ndiwe uliyekaa na Kassim siku zote zile. Basi akawa na neno moja tu: siendi ila mwalimu akiwa pamoja nami. Hapo ndipo alipomtuma Karisa. Jibu lilipokuja akaugeukia ukuta, akasema ngojeni kidogo, hasira zikimwisha atakuja. Tukangoja. Daktari atwambia, lau mngemleta wiki hizo mbili mbele, pengine ningekata kidole."

Pengine ningekata kidole. Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, na nimesimama mbele ya wanazuoni, lakini sijapata kusikia maneno matatu mazito kuliko hayo. Nikakaa sakafuni, hapo hapo koridoni, watu wakipita kunikwepa. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, Kassim alificha. Lakini mtu hufichua kwa amwaminiye, na yeye alituma mjumbe aje kufichua kwangu, nami nikamrudisha mjumbe na kiburi.

Nikaingia. Alikuwa amelala, shuka imekaa juu upande mmoja na imelala bapa upande wa pili.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Kaa huku. Upande huu una nafasi siku hizi."

Alicheka peke yake. Mimi nililia hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba nipewe maji. Nikamwambia Kassim anisamehe.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila usinitake niseme halikuniuma. Lile jibu liliuma. Sindano sikuisikia, lile nililisikia."

"Kwa nini hukunambia siku ile ile nilipokuja?"

"Ungenipa wapi nafasi, yakhe? Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa melini, ya pili ulikuwa kwenye karafuu, ya tatu ulikuwa unamsema binamu yako na kuku."

Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema. Kassim aliishi miaka kumi na miwili baada ya siku hiyo, akaozesha binti wawili, akalima kwa kuelekeza, amekaa kwenye kiti mwisho wa tuta. Kila Alhamisi nilikwenda kwake. Sindano yangu niliitoa sandukuni. Yeye alichora, mimi nikashona, maana vidole vyake havikurudi. Sisemi kwamba hilo lililipa mguu. Haliwezi kulipa. Iko siku alijisahau akataka kuinuka kama zamani, akaanguka mbele ya macho yangu. Majuto ni mjukuu, wasema, huja kinyume. Wangu alikuja, na bado anaishi nami.

Nakusimulia haya kwa sababu nawaona nyinyi vijana wetu mnaporudi likizo. Mwakutana, mwaoneshana picha za simu, huku Mombasa, huku Dubai, kila mmoja angoja mwenziwe amalize ili aanze yake. Mwatumiana ujumbe: u hali gani? Poa. Safi. Alhamdulillahi. Basi yamekwisha. Sikulaumu, maana nilikuwa hivyo nikiwa na umri wako, tena bila simu.

Lakini nakuusia, mwanangu. Ukimjulia mtu hali, mjulie mara mbili. Jibu la kwanza ni adabu; habari iko katika la pili, na la pili halitoki mpaka unyamaze. Safari yako haitaoza, itangoja. Mwangalie mwenzio alichokuwa akikipenda, iwe ni mpira, bustani, kusoma au kushona. Ukiona amekiacha, usimtanie uvivu. Muulize kwa upole kwa nini, kwani mtu haachi kipenzi chake bure. Akikosa kukufanyia heshima uliyoizoea, kabla hujahesabu ni kosa, jiulize amepatwa na nini. Akikuita, nenda. Nenda hata kama una hasira, uzungumze nazo huko huko njiani. Na wewe mwenyewe ukiugua, usimfunike mtu anayekupenda macho. Sema mapema, sema wazi, nenda ukatibiwe. Dawa ni neema ya Mola kama mvua ilivyo neema yake, na hakuna aibu kuipokea.

Mola akupe afya ya mwili na wepesi wa moyo. Akupe masikio yanayosikia lisilosemwa, akujaalie marafiki wa kweli, na akuongoze usichelewe kufika kwa mtu anayekungoja. Amrehemu Kassim na mama yake, na atusamehe sisi tuliobaki. Amin.