Menifodi Iliyoponea Kuwa Sufuria

Dada wa mume wangu ni fundi wa injini. Mtaani wanamwita Spana, na jina hilo limemvimbisha kichwa hadi kilemba hakimtoshi. Kujishusha hajui. Akikaza bolti moja, mtaa mzima utasikia habari zake. Mimi ninayeishi naye ua mmoja nasema aachwe ajisifu, maana niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Baba mkwe alituachia gari, la zamani kweli, taa za mviringo na usukani mwembamba kama bangili. Ufundi wifi aliuanzia kwenye gari hilo, kabinti kamechuchumaa pembeni kanampa spana baba yake aliyelala chini ya injini. Baada ya mazishi gari likaanza kukohoa. Wifi wakati huo alikuwa anafanya kazi mbali, kwa hiyo akaitwa fundi mwingine. Akafungua menifodi, kile kipande cha alumini chenye mikono minne kinachogawa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta kwenda ndani ya injini. Akasema imepasuka, anaenda nayo akatafute mfano wake. Menifodi hatukuiona tena, na fundi naye vivyo hivyo. Gari likabaki uani, kuku wakalifanya banda.

Mwisho mume wangu akachoka. Akapatana na mnunuzi wa chuma chakavu aje na lori Jumamosi, alikatekate, alibebe.

"Kaka, unamkata baba?" wifi akamuuliza, mikono kiunoni.

"Baba tulimzika. Hicho ni chuma."

"Na likiwaka kabla ya Jumamosi?"

"Likiwaka, chukua, lako. Lakini mwenye lori akilikuta limelala, sitaki kelele."

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema, "na masikio yangu hayasahau."

Mume wangu mdomo wake ndio mbaya, moyo hauna neno. Kesho yake akarudi na menifodi kutoka kwa wauza vipuri, imepakwa rangi ya fedha inang'aa kama meno ya bandia. Wakaijaribu. Bolti zote zikaingia, na wanaume waliokuwa wakikodoa macho getini wakapiga makofi. Kwetu sheria ni hiyo: bolti zikiingia, kifaa ni chake.

Wifi hakupiga makofi. Aliichomoa, akapaka grisi nyeusi pale kwenye injini ambapo menifodi hulalia, kisha akakandamizia kipande cha boksi. Alipokibandua, alama za midomo ya injini zilikuwa zimetoka ndefundefu, kama mayai. Akafanya hivyo na ile ya mume wangu. Zikatoka duara, ndogo.

"Hii ni ya injini ndogo, zinafanana nje tu," akasema. "Nikiifunga, gari litapumua kama mtu kabanwa pua."

"Si bolti zimeingia?"

"Hata vidole vyako vitaingia kwenye kiatu cha mkeo, kaka. Haya, kivae utembee tuone."

Mimi kazi yangu ni kununua alumini chakavu na kuwauzia wanaoyeyusha na kumimina sufuria. Magunia yangu yako nyuma ya nyumba. Wifi akanijia na boksi lake mkononi, nami nikamwambia mapema kwamba akivuruga atapanga mwenyewe. Akamwaga yote. Vitasa, mapanga ya feni, miguu ya viti, kila kilichokuwa na mkono kama wa menifodi akakipima. Ndipo akafungua gunia nililokwisha kulishona, tayari kuchukuliwa, akatoa dude jeusi lililoganda mafuta. Nililinunua nikidhani ni kipande cha pampu.

Akalikwangua tumboni kwa kisu. Zikatokea herufi zilizoinuka, zile zile zilizo ubavuni mwa injini ya baba. Akaweka boksi juu yake: yai juu ya yai, tundu juu ya tundu.

"Wifi! Ulitaka kumyeyusha baba!"

"Angekuwa anachemsha maji ya kuoga saa hizi," nikamjibu, "na angechemsha vizuri."

Lakini hali yake ilikuwa ya kulilia. Bolti mbili zilikatikia ndani, mkono mmoja una ufa, na uso wake wa kulalia injini umepinda. Wifi akailowesha mafuta ya taa, akaipasha moto, akaibembeleza, bolti zikatoka kama mwiba unavyotoka kwa mtoto aliyelala. Ule ufa akautoboa kila mwisho ili usiendelee kukimbia, akaipeleka kwa mchomeleaji. Huko akasimama juu ya kichwa cha yule jamaa, hapo sivyo, hapo umezidisha, mpaka jamaa akamvulia miwani.

"Dada, chomelea mwenyewe!"

Akachomelea mwenyewe.

Akarudi kwangu. "Nipe kioo cha meza yako ya sebuleni."

"Kioo changu cha wageni?"

"Humu ndani hakuna kingine kilichonyooka. Ulimi wako ndio usiseme."

Nikampa, roho inaniuma. Akatandika msasa juu ya kioo, akauchorachora uso wa menifodi kwa penseli, akaanza kuisugua juu yake taratibu, huku na huku. Penseli ikibaki mahali, hapo bado pana bonde. Akachora tena, akasugua tena, hata mimi nikashika zamu, na kucha zangu zikaenda na maji. Ilipofutika yote, akaziba matundu, akaizamisha kwenye beseni na kuijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Povu likatoka kwenye ufa. Akaikausha, akarudi kwa mchomeleaji. Mara ya pili maji yalitulia tuli.

Jumamosi lori likafika asubuhi, likaziba geti, vijana wakaanza kushusha mitungi ya gesi. Wifi alikuwa bado kainama ndani ya boneti, anakaza bolti kuanzia za katikati kwenda za pembeni, kidogo kidogo, kama mtu mwenye siku nzima.

"Dada, tupishe tufanye kazi," kijana mmoja akasema.

"Subiri zamu yako."

Akaingia, akapiga stata. Likakohoa, likanyamaza. Mume wangu akatazama chini. Akapiga tena. Likakohoa, likatetemeka, likashika! Injini ikaunguruma laini, bila kukwama wala kuchemua, na mama mkwe akatoka ndani kiatu mguu mmoja, akafungua mlango wa mbele, akaketi bila kuuliza mtu.

Wifi akapiga honi. Lori likarudi nyuma, likapanda ukingo wa barabara, likampisha. Akapita na mama yake, shingo imenyooka.

Dereva wa lori akauliza fundi aliyelifufua ni nani.

"Dada yangu yule," mume wangu akasema kwa sauti ya kufika dukani. "Tumbo moja!"

Siku nyingine ningemjibu. Siku ile nilimwachia aseme, na mimi mwenyewe nikamwongezea dereva habari mpaka akaanza kuangalia saa.